Kisiwani na Dada

Dada yangu aliniteka kwa gunia la pumba. Yeye akisimulia husema tulitoka matembezi, na watu humwamini kwa sababu ana sauti ya upole. Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshuka mjini Moshi kununua chakula cha ng'ombe, nikampa mpagazi gunia alitangulize kwenye gari za kwetu Uru, mlimani, nami nikabaki nyuma nikinunua maandazi ya kula njiani. Nilipogeuka, gunia langu lilikuwa linaingizwa kwenye buti ya gari jeupe nisilolijua, na mpagazi ananionyesha kwa mkono kwamba kazi imekwisha. Aliyesimama kando ya gari hilo, na miwani yake ya jua na kilemba cha kitenge, alikuwa dada.

"Nimemwambia nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Ingia, mdogo wangu."

Sikumwamkia. Huyu ni dada yangu wa pekee, amenizidi umri wa kutosha kunibeba mgongoni, na kwetu mdogo akimpita mkubwa wake bila shikamoo watu husimama kutazama. Muuza maandazi alisimama kutazama. Nikaingia garini, nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Ng'ombe wangu alikuwa na ndama mchanga, na mtu mwenye ng'ombe anayenyonyesha haachi gunia zima la pumba liende zake eti kwa sababu ya hasira.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu niache kusema naye, na sababu ilikuwa mama.

Wazazi wetu walijaliwa mabinti wawili tu. Dada alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, akasoma, akaolewa Dar es Salaam. Mimi sikuolewa. Nilibaki Uru, kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na baba na mama, na baba alipofariki tukabaki mimi na mama na kahawa yetu kidogo, migomba, ng'ombe mmoja, na kanisa Jumapili. Sikumbuki kuona upweke hata siku moja. Kisha miguu ya mama ikaanza kumsumbua. Dada akaja mwezi wa saba, wakati ule ukungu hauondoki mchana kutwa na kuni hazikauki, akasema mama akapumzike kwake mwezi mmoja, joto la Dar litamsaidia. Nikamfungia mama nguo zake. Mwezi ukawa miezi. Nikipiga simu naambiwa amelala, au anaoga, au yuko kibarazani na simu iko ndani. Asubuhi moja nikaambiwa amefariki.

Matangani ndipo nilipopata habari kamili kutoka kwa shangazi, ambaye hakujua kwamba sijui. Mama alikuwa amelala kitandani wiki nyingi, hajiwezi. Watu wa kule wote walijua, hata wapangaji. Mimi niliyemwogesha, niliyemsuka, niliyemchemshia mtori kila alipokosa hamu ya kula, sikuambiwa.

Dada alileta jeneza zuri, na mahema, na wapishi wenye sare. Tulimzika mama kando ya baba, nyuma ya nyumba. Nilitupa udongo wangu upande mmoja wa kaburi, yeye akatupa upande wa pili, kisha nikaingia jikoni nikajifungia mpaka aliporudi Dar. Tangu siku hiyo simu zake sikupokea. Alituma salamu kwa watu wa kanisani, niliwashukuru wao.

Kwa hiyo nilikaa kwenye gari lake nikitazama dirishani, nikisubiri tushike njia ya kupanda Uru. Hatukuishika. Gari likaenda moja kwa moja kwenye barabara kuu, likaelekea Himo. Niliona, na sikusema kitu. Ningemuuliza tunakwenda wapi ningekuwa nimesema naye, na sikuwa tayari kuupoteza msimamo wa mwaka mzima na zaidi kwa sababu ya kona moja. Huo ndio ujinga wangu. Mtu mwenye akili angefungua mdomo.

Baadaye aliniambia kwamba naye hakupanga. Alitaka kuzungumza nami kabla hatujafika njia panda ya Uru, akashindwa, akajiambia atageuza mbele kidogo. Kila alipotaka kugeuza, ulimi ukawa mzito, na mguu ukabaki kwenye mafuta. Tukafika Himo, tukaiacha njia ya Holili kushoto. Tukapita kwenye mashamba ya mkonge. Mbele huko akakata kulia, tukaacha lami, vumbi likapanda mpaka kwenye vioo, joto likaanza kunibana shingoni maana nilikuwa nimevaa sweta ya asubuhi ya Uru. Niliivua. Naye akavua miwani, nikaona kwamba alikuwa amelia, nikageukia dirisha tena.

Njia ile iliishia kwenye maji. Lilikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo mimi nililijua kwa jina tu, kwa sababu perege tunaouziwa huku juu wanatoka huko. Sikuwahi kufikiri lina ukubwa ule. Kwa mtu wa mlimani, maji ni kitu kinachopita kwenye mfereji na unakipangia zamu. Haya yalikuwa yamelala tu, mengi, hayana mwenyewe.

Pale ukingoni mwa bwawa kulikuwa na boti zimevutwa mchangani na wanawake wachache wakipanga mabeseni matupu. Dada alishuka akaulizia samaki, nadhani kwa kuwa ilimbidi aulize kitu. Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye boti ya injini, akatujia.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," tulijibu wote wawili kwa pamoja, nami nikakasirika kwamba tumejibu kwa pamoja.

Akaeleza kwamba samaki wa asubuhi wameshachukuliwa na wachuuzi. Lakini kule kisiwani kuna kambi ya wavuvi, wanakausha perege, na yeye alikuwa anakwenda kukagua nyavu zake upande huohuo. Kama tunataka, atupeleke tukachague wenyewe.

Dada akanigeukia. "Au unaogopa maji? Wewe hata mfereji tulikuwa tunakuvusha."

Ni kweli walikuwa wananivusha. Ndiyo maana nilivua viatu nikawa wa kwanza kupanda. Hakuna hata mmoja kati yetu anayejua kuogelea. Uru ungejifunzia wapi? Nilikaa katikati ya boti, nikashika ubao kwa mikono miwili, nikamwongelesha mwenye boti ili dada asikie kwamba nina sauti, ni yeye tu anayenyimwa.

"Leo kutatulia," nilimwambia yule bwana, nikimwonyesha kilele cha Kibo kilivyofunguka chote, cheupe, bila wingu hata moja. Kwetu mlima ukifunguka hivyo unaanika kahawa na kwenda zako kanisani bila wasiwasi.

Akacheka kidogo. "Huku mlima ukifunguka namna hiyo, mama, mchana upepo unaweza kuamka. Lakini tutawahi."

Kisiwa kilikuwa mbali kuliko kilivyoonekana. Upande wa kambi, alituambia, kuna matope yanayofika magotini na matete, si mahali pa kushusha kina mama. Akatuzungusha upande wa pili, palipokuwa na ukanda wa mchanga mweupe, akatushusha pale na maelekezo: tusisogelee maji, maana kuna mamba, tusiingie kwenye matete, kwa sababu hiyohiyo, atakwenda kutuchagulia samaki wazuri, atapitia nyavu, atarudi sasa hivi. Sauti ya injini ikazunguka kona ya kisiwa ikapotea.

Sitasema uongo, palikuwa pazuri. Mchanga haukuwa na nyayo za mtu. Miti iliyozamishwa bwawa lilipojazwa ilikuwa bado imesimama majini, mikavu, na ndege weusi wamekaa juu yake wamefungua mabawa kuyakausha. Kama ningekuwa pale na mtu mwingine yeyote ningefurahi. Lakini mbele kulikuwa na maji yenye mamba, kushoto matete, kulia matete, na nyuma yetu kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi angekifikiria mara mbili. Nikatazama simu; hakuna mtandao. Nikaelewa kwamba nimefungiwa na mtu ambaye kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikimfungia mlango.

Nilikwenda nikakaa mwisho wa mchanga upande huu. Yeye akatandika kanga mwisho wa upande ule.

Upepo uliamka mapema, kabla jua halijafika utosini. Mwanzoni ulichezea tu ncha za matete. Kisha maji yakabadilika rangi, yakaanza kupandiana, na ndege weusi wakaondoka mmoja mmoja. Nilisimama nikasikiliza injini. Hakuna. Nikajua kwamba yule bwana, kama ana akili, hatapita kwenye mawimbi yale na boti ndogo, na alionekana mtu mwenye akili. Tungekaa pale mpaka upepo uchoke.

Hofu ilinishika kweli. Nilimfikiria ng'ombe wangu, chuchu zimejaa, ndama amefungwa kwa ndani ili asimalize maziwa, na mimi ndiye mwenye ufunguo. Mlima ulikuwa wazi mbele yangu wote, kuanzia theluji mpaka ukanda wa msitu, na chini ya ule msitu, mahali fulani kwenye ule ukijani, palikuwa nyumbani kwangu. Nilikuwa nakuona nyumbani na siwezi kwenda. Nilikaa tena chini, nikakunja magoti, nikamlaani dada kimoyomoyo, kisha nikamlaani mpagazi.

Kiu ndiyo iliyotupatanisha kwanza, kwa kiasi chake. Mimi nilikuwa na maandazi, sina maji. Yeye alikuwa na chupa ya maji, hana cha kula. Alinyanyuka akaja mpaka katikati ya mchanga, akaisimamisha chupa, akarudi kwake. Nilisubiri kidogo kwa heshima yangu. Nikaenda nikanywa nusu, nikaweka maandazi mawili juu ya leso kando ya chupa, nikarudi kwangu. Akaja akala amesimama, mchanga ukiruka usoni. Mtu angetuona angedhani ni wendawazimu wawili wanaofuga kitu kisichoonekana.

Alipomaliza hakurudi kwenye kanga yake. Alikuja upande wangu, amekumbatia mkoba. Alipofungua mkoba akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, nilijua ni nini kabla hajalikunjua.

Kwa asiye Mchagga inabidi nieleze. Isale ni mmea wa kawaida tu, una majani marefu ya kijani, na kwetu umepandwa kila mahali: kwenye uzio, kwenye mpaka wa kihamba, juu ya makaburi. Mtu akikukosea, hata akiwa amekutenda jambo ambalo huwezi kulitamka, akija kwako na jani la isale mikononi, humkatai. Unalipokea, na kesi imekwisha. Nilimwona baba yangu mwenyewe akifanyiwa hivyo. Jirani alimvunja mkono kwa mpini wa jembe wakigombea zamu ya mfereji, kisha akaja na isale, na baba akainuka kwenye kiti akalipokea kwa mkono uleule uliofungwa bandeji. Hakuna aliyemuuliza baba kama anataka. Anayelikataa isale, mabaya yote yanahamia kwake. Tumelelewa tukijua hivyo, Wakristo na ubatizo wetu.

Basi nikaona mtego ulivyokamilika. Hata mlango wa kutokea sina, na sasa ananiletea isale. Niliamini kabisa kwamba alipanga yote, tangu gunia.

Dada alipiga magoti mchangani mbele yangu. Mkubwa alimpigia magoti mdogo, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Mdogo wangu, nimekukosea. Nakuomba upokee."

Nikatazama jani. Nikalitazama tena. Lilikuwa pana, fupi, na kandokando lina mistari ya njano iliyonyooka vizuri. Nilikuwa nimeyaona majani hayo mara nyingi, yako kwenye mifuko myeusi ya nailoni kandokando ya barabara mjini, kwa wale wauza maua, na huwekwa kwenye vyungu milangoni mwa hoteli.

Nilicheka. Nilicheka vibaya, kwa sauti, mpaka nikakohoa mchanga.

"Hili si isale," nilimwambia.

Ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu matanga.

"Muuza maua ameniambia ndilo lenyewe."

"Muuza maua ni mtu wa wapi?"

Alibaki amepiga magoti na ua lake la hotelini.

"Uzio wetu mzima ni masale," nilisema. "Umezaliwa ndani ya huo uzio. Umeshindwaje kukata jani moja?"

"Juzi nilifika mpaka getini," alisema. "Nikakuona upande wa ndani, unamkatia ng'ombe majani. Nikaogopa. Nikarudi mjini."

Sitaficha nilichosikia moyoni wakati huo: nilisikia wepesi. Jani lile halikuwa na nguvu yoyote juu yangu. Mamba walikuwepo, na upepo, na miiba, lakini mila haikuwepo, na ningeweza kumkatalia mchana kweupe bila dhambi. Nilinyoosha miguu yangu mchangani.

"Harusi ya binti yako iendelee tu," nilimwambia. Maana nilikuwa nimesikia kwamba binti yake anaolewa, na mama mdogo asipoonekana kwenye shughuli ya namna hiyo watu huulizana. "Waambie naumwa."

"Sikuja kwa ajili ya harusi. Harusi itakuwa hata usipokuja." Alikaa chini sasa, akalichomeka lile jani mchangani mbele yake, likasimama pale likipigwa na upepo. "Nimekuja kukuambia kwa nini sikukuita."

"Hukutaka usumbufu. Shangazi aliniambia."

"Shangazi hajui."

Akalikusanyia lile jani mchanga shinani lisianguke. Nilidhani ameghairi.

"Mama alipolala kitandani macho yalikuwa yamefifia," alisema. "Na akili inakuja na kuondoka. Siku moja nimempelekea uji, akaniita jina lako. Nikamwambia, mama, ni mimi, mkubwa. Akageukia ukutani. Hakula. Kesho yake akaniita tena jina lako."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitika."

Upepo ulikuwa unapiga kelele kwenye matete, nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia.

"Nikaitika, akala. Akanishika mkono. Akaanza kuniambia mambo yenu: ng'ombe, mfereji, yule jirani wenu anayeazima jembe harudishi. Akacheka. Mimi mama hajawahi kunishika mkono namna ile. Nikirudi likizo alikuwa ananiwekea kiti kama mgeni. Nikawa naitika kila siku. Nikijua nikikupigia simu utakuja siku hiyohiyo, na ukija, atajua." Alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Nilikuwa najiambia kesho nitampigia. Kila siku kesho. Mpaka siku ile."

Niliinuka. Nilitaka kuondoka, na nilipoinuka ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna pa kwenda. Nilitembea mpaka kwenye matete, nikarudi. Nikatembea mpaka kwenye miiba, nikarudi. Nilitaka kumpiga. Nina mikono ya kukata majani ya ng'ombe na ningemuumiza, na naamini asingejikinga. Aliniibia. Maneno ya mwisho ya mama yalikuwa yangu, yamesemwa kwa jina langu, na yeye akayapokea amekaa kwenye kiti changu. Nilimpigia kelele hivyo, kwamba wewe ni mwizi, na upepo ukayachukua maneno nikalazimika kuyarudia, na mara ya pili hayakuwa na nguvu ileile.

Kwa sababu kulikuwa na jambo jingine, na lilikuwa limeshaniingia nisitake. Usiku wote wa ule mwaka na zaidi, nikilala kwenye kitanda kilekile nilichokuwa nalala karibu na mama, nilikuwa na wazo moja: kwamba mama alikufa akiuliza niko wapi. Kwamba alifikiri nimemtupa. Wazo hilo lilikuwa limenila hata nguo zilinipwaya. Na sasa huyu mwizi ananiambia kwamba mama hakuuliza niko wapi, maana nilikuwa pale. Alikula mkononi kwangu. Alicheka nami.

Nilikaa chini nikalia kwa sauti, vile wanavyolia wanawake matangani, vile ambavyo sikulia siku ya mazishi.

Hakunigusa. Alijua kwamba asinisogelee.

"Sijakusamehe," nilimwambia nilipoweza kusema.

"Najua."

"Na hilo ua lako halinibani."

"Najua, mdogo wangu."

Upepo ulizidi. Mchanga ulikuwa unatuchoma miguu na macho, hata kukaa peke yako kukawa hakuwezekani. Tukakaa tumeupa upepo mgongo, yeye akaleta kanga yake, tukajifunika wote wawili kichwani, tukaishikilia ncha zake, yeye upande wake na mimi upande wangu. Ndani ya kanga ile palikuwa na joto na harufu ya mafuta yake ya Dar. Niliwaza kuhusu ng'ombe. Nilimwaza mama akiambiwa na mtu anayejifanya mimi kwamba ng'ombe hajambo. Sijui tulikaa vile kwa muda gani, ila nilipochungulia nje jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa Simanjiro na maji yalikuwa yanapungua hasira.

Injini tuliisikia kabla ya kuiona. Mwenye boti alikuja amesimama, anatupungia, na tulipopanda aliomba msamaha mara nyingi: alikwama kambini, mawimbi yalikuwa makubwa, asingethubutu. Alikuwa ametuwekea perege wakavu kwenye kapu. Lile jani la njano tuliliacha limechomekwa mchangani. Hakuna aliyelikumbuka mpaka tulipokuwa mbali, na hakuna aliyetaka kulirudia.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya njia injini ikanguruma vibaya ikazima. Yule bwana akasema ni majani tu, yamejisokota kwenye pangaboi, tusiwe na wasiwasi. Akainama nyuma ya boti kuyatoa kwa kisu. Palikuwa kimya kabisa ghafla. Maji yalikuwa yametulia, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa nimeshika ubao.

"Alikuwa ananiitaje?" nilimuuliza dada.

"Unajua alivyokuwa anakuita."

"Nataka kusikia."

Alimtazama mwenye boti, akaona haya. Kisha akafumba macho. Mama alikuwa na namna yake ya kuniita, akiwa jikoni na mimi niko chini kabisa kwenye migomba: kwa jina la bibi nililopewa, jina la nyumbani, analivuta mwisho wake polepole mpaka linifikie. Sikujua kama kuna mtu mwingine duniani anayejua kuliita vile. Dada aliliita. Hakupandisha sauti, lakini ilikuwa sauti ya mama, na mahali palepale pa kuvuta.

Nikaitika.

Mwenye boti aliinua kichwa akatutazama, akarudi kwenye kisu chake. Dada alikuwa ameficha uso kwenye kanga. Nilimwacha alie. Nilitazama mlima, ambao ulikuwa umeanza kujifunika kwa usiku, na niliposema nilichosema sikumwangalia, kwa sababu nilijua ninachokisema, naye alizaliwa Uru kama mimi, alijua pia. Isale la kwetu, likiletwa, sitaweza kulikataa.

"Kesho uje nyumbani," nilimwambia. "Kaburi la mama limezungukwa na masale. Kata moja la pale. Geti nitaliacha wazi."